Jibu: Mama amepona korona lakini hawezi kuinuka wala kuoga mwenyewe

Pole sana dada. Umeuliza kwa nini mama wa miaka 76, aliyeshapona korona, sasa hafiki chooni bila kushikwa. Mara nyingi ni misuli. Mzee akilala kitandani siku kumi tu, mapaja hupoteza nguvu, na homa pamoja na kukosa hamu ya kula huzidisha.

Anza na kiti kigumu chenye mikono, kiegemezwe ukutani. Asogee ukingoni, avute nyayo nyuma kidogo ya magoti, ainamishe kifua mbele, ndipo asimame. Mara tano asubuhi, tano jioni. Wengi hushindwa kwa sababu mgongo umebaki nyuma, na uzito nao unabaki kitini. Tafadhali usimvute mikono, utamuumiza bega. Kesho yake akiamka hoi kuliko jana, punguza nusu. Kifua kikimuuma, au kipima oksijeni kikisoma chini ya 90, acha mazoezi, mpeleke hospitali.

Protini: gramu 1.2 kwa kila kilo ya uzito. Mwenye kilo 55 anahitaji kama 66 kwa siku: mayai mawili, kikombe cha maharage, kipande kizuri cha samaki, glasi mbili za maziwa. Mwenye figo mbovu amuulize daktari kwanza.

Na msimfanyie kila kitu, hata kama ni kwa upendo. Mwekeeni stuli imara bafuni, ajioshe mwenyewe, mmoja wenu akae karibu.

Akianza kuchanganyikiwa ghafla, huo si uzee. Aonwe na daktari siku hiyohiyo.