Hilo tangazo feki la mahari usilipost, soma hii kwanza

Wewe mwenye uzi, weka maiki kando kwanza. Umeuliza ununue maiki gani, uongee Kiswahili ama lugha ya kwenu, utumie jina lako ama ujifiche, na kama hii kazi ya kukejeli wanasiasa inaweza kulipa nyumba Nairobi. Sawa. Halafu katikati hapo umeingiza, kimchezo tu, ati unaanza ukurasa na tangazo la Gazeti Rasmi la Serikali ulilojitengenezea, kwamba mahari imepigwa marufuku kaunti yenu yote, na mhuri umeshapata. Mhuri! Nimesoma hapo nikiwa kwa matatu nikapitishwa steji yangu.

Futa. Usingoje kumaliza kusoma, futa kwanza urudi.

Nilikuwa na ukurasa kama huo unaoutaka. Nilikuwa nakaa hapa Nairobi nachokoza wazee na waheshimiwa wa kwetu, maana huko ukisema binti arithi shamba, ama msichana aliyezaa arudi shule, swali la kwanza ni umelipwa na NGO gani. (Sijawahi kulipwa na NGO, na si kwamba sijaomba.) Watu walikuwa wanacheka, hata wale wa kununa. Ukurasa ulikuwa mdogo lakini wa watu wa kwetu, si hawa wa Nairobi wanaokubaliana na wewe hata kabla hujaongea.

Ikafika Desemba 2021. Watu wanapanda magari kwenda ushago, uchaguzi wa Agosti 2022 umeshanukia, kila mazishi ina wagombea watano kwa mstari wa mbele. Nikatengeneza tangazo la kaunti. Nembo juu, nambari ya kumbukumbu, kila kitu. Likasema kuanzia tarehe 1 Januari 2022 baba yeyote mwenye shamba atawagawia mabinti kwanza, na vijana wa kiume watachagua kwa yale yatakayobaki, baada ya kuonyesha cheti cha kujua kusonga ugali. Chini limetiwa sahihi na Mkurugenzi wa Usawa na Sufuria. Mimi nikaona nimemaliza fasihi.

Sasa kulikuwa na jamaa mmoja aliyekuwa anajiita mshauri wa mitandao, ofisi ya kukodi kwa saa huko Westlands, viatu bila soksi. Nilikuwa nimempa pesa anisaidie ukurasa ukue. Huyo ndiye aliyeniambia neno KEJELI, ambalo nilikuwa naliweka kubwa juu ya kila picha, litoke. Ati linaua posti. Ati mtu akishtuka anashea, akicheka anapita tu. Na hiyo sentensi nililipa kwa M-Pesa, na ada ya kutuma nikaongeza, kwa sababu mama alinilea vizuri. Walahi nikikutana naye leo nitamnunulia soksi halafu nimwambie yale yote niliyoyaweka moyoni, maana baadaye simu zangu hakushika hata moja, na nasikia siku hizi anafundisha "usalama wa kidijitali" kwa semina za hoteli.

Linaloniuma ni kwamba alisema kweli. Lilisambaa vibaya sana. Lakini haikusambaa posti yangu, ilisambaa picha, na mtu alikuwa ameshaikata. Cheti cha ugali kimeenda, Mkurugenzi wa Sufuria ameenda, kepsheni yangu yenye vicheko imebaki huko kwa ukurasa. Kikabaki kipande cha juu: nembo, tarehe, mabinti kwanza. Ikaingia grupu za WhatsApp za kanisa, za ukoo, za bodaboda. Na mtu akaiprinti kwa saiba, nyeusi na nyeupe, na bana ile rangi ikishatoka, karatasi ya uongo inafanana na ya serikali kuliko ya serikali yenyewe.

Mgombea mmoja wa udiwani akaisoma kwa mazishi. Akaikunja polepole akauliza waombolezaji, mnaona hawa watoto wetu wa Nairobi wanatutakia nini? Mamangu alikuwa ameketi hapo, viti vya wamama, na nusu ya mahema wanajua ukurasa ni wa mwanawe. Alikuwa mwekahazina wa chama chao cha wamama. Hawakumtoa, walianza tu kuhesabu pesa tena baada ya yeye kuhesabu. Huyo ni mama ambaye hata hana simu ya kuona hizo vitu.

Stesheni niliitwa pia, wacha nipite hapo haraka. Afisa alikuwa na ile Sheria ya Makosa ya Kompyuta ya 2018 mezani. Kifungu cha 22, jinsi kilivyoandikwa wakati huo, kilisema kutoa habari za uongo kwa nia zichukuliwe kuwa za kweli ni faini hadi milioni 5 ama jela hadi miaka 2, ama vyote. Cha 23 kilifika miaka 10. Wakili wangu akatabasamu, akasema nia ndiyo ugomvi wote hapa, tutaonyesha ulikuwa mzaha. Nikamwonyesha simu. Neno KEJELI nilikuwa nimelitoa kwa mkono wangu, na kwenye meseji zangu na yule wa bila soksi nimeandika, "wacha waamini kwanza." Wakili aliacha kutabasamu akaitisha chai. Haikufika kortini. Bili ya wakili ilifika.

Lakini hayo yote ni madogo tu. Hii ndiyo sababu naandika uzi mrefu hivi badala ya kulala.

Kuna mama mmoja wa kijiji cha pili kutoka kwetu, simtaji. Baba na mama yake wote wamefariki, na ndugu zake wa kiume wamegawana shamba, yeye wakamwambia aliolewa basi aende kwa mume, na mume alishamfukuza zamani. Alipata ile karatasi ya saiba. Akaitia kwenye bahasha ya plastiki isikunjamane, akaamka mapema akatembea nayo hadi kwa chifu, akasema serikali imeniona. Chifu alikuwa ameshapigiwa simu kwamba ni uongo wa mitandao. Akacheka. Waliokuwa kwa foleni wakacheka. Ndugu zake walisikia kabla hajafika nyumbani.

Na sasa ona ujinga wangu ulipokaa: kitu nilichokiandika kama kichekesho kilikuwa karibu na sheria. Sheria ya Urithi, Sura ya 160, inatumika tangu 1981, na kifungu cha 38 kinasema kama marehemu hakuacha mume wala mke na hakuandika wosia, mali igawanywe sawa kwa watoto. Watoto, si wavulana. Na 2005 Mahakama ya Rufaa ikiwa Eldoret, kwa ile kesi ya urithi ya familia ya Rono, majaji walikataa hoja kwamba mabinti wapewe kidogo kwa sababu wataolewa. Yule mama alikuwa na haki yake tayari! Hakuhitaji mkurugenzi wangu wa sufuria. Baadaye akaenda tena na kijana wa msaada wa sheria, safari hii na sheria yenyewe, imeprintiwa kwa saiba ileile, na chifu akaisukuma pembeni bila kuisoma: "Hizi za kuchekesha tumeshaziona." Kwa hivyo wale niliokuwa nawakejeli walipata zawadi kutoka kwangu. Siku hizi huko kwetu mtu akija na haki ya kweli kwenye karatasi, wana jina la kuiita.

Sasa utaniambia, na najua utaniambia kwa sababu ningesema hivyo pia, kwamba kejeli bila ujasiri si kejeli. Nani amesema uogope? Mchora katuni Gado alimchora Uhuru Kenyatta akivuta mpira wa chuma na mnyororo mguuni enzi za kesi yake ya ICC, ile mahakama ya Hague, na hakuna mtu aliyedhani ni picha ya kamera. Vile vibonzo vya mpira vya kipindi cha TV cha XYZ vilivyoanza 2009 vilikejeli serikali nzima, lakini mheshimiwa wa mpira mwenye pua kama mwiko hakuna bibi atamkata skrinshoti ampeleke kwa chifu. Wachekeshaji wa Redykyulass waliigiza Rais Moi, Moi akiwa bado Ikulu! Na ndiyo, najua, mchora katuni Kibet Bull alikuwa anachora vivuli tu na bado akatekwa Desemba 2024, akaachiliwa Januari 2025. Utani ulio wazi hauzuii Subaru ya watekaji kusimama kando yako, sitakudanganya. Lakini alipopotea, hakuna aliyesimama akasema alitudanganya, na watu walimtafuta. Mimi nilipoitwa stesheni, kwetu walisema heri.

Basi kanuni yangu ni moja na nitairudia mpaka moderator anifungie: utani ukae mahali ambapo makasi hayafiki. Usikae kwa kepsheni, usikae kwa mstari wa chini, usikae kwa jina la ukurasa. Kata picha yako vipande, toa rangi, iprinti. Kipande chochote kikiweza kusomwa kama habari, hiyo si kejeli, hiyo ni habari feki yenye heshima. Na vitu vya serikali, nembo, mhuri, nambari ya kumbukumbu, letahedi, hata uwe na utani mtamu namna gani, usiguse. Kipimo changu ni shangazi yangu. Namtumia picha bila neno lolote. Akijibu "hii imeanza lini?" naitupa. Akijibu "wewe hutaoa" naipost.

Lugha, tumia ya kwenu kama unawachoma wa kwenu, ila ukianza kugusa kabila jirani kwa lugha ambayo jirani haisikii, hapo unatafuta NCIC, ile tume ya uwiano inayoshika wachochezi wa chuki, na ile sheria yake ya 2008, na hiyo milioni moja ya faini hauna.

Mahari ni mada tamu, usiiache. Chora ng'ombe wa mahari anafanya mkutano na waandishi wa habari, maiki zimejaa mbele yake, amevaa tai, analalamika kwamba wazee wa pande zote mbili wameketi tangu asubuhi na hakuna aliyemuuliza yeye anataka kuhamia kwa nani, wala aliyemuuliza bi harusi. Ukishamaliza itume hapahapa kwa uzi, bila kepsheni, tuone kama kuna mtu atauliza mkutano ulikuwa wapi.