Komeo la springi linalegea kwenye tranka: niinenepeshe springi?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni fundi bati hapa Singida. Natengeneza matranka ya wanafunzi wa bweni na visanduku vya vifaa, na siku hizi nashirikiana na seremala mmoja kutengeneza makasha ya mninga ya kuwekea mashuka. Nimebuni komeo linalojifunga lenyewe: ukishusha kifuniko, ulimi unasukumwa nyuma, kisha springi inaurudisha na kifuniko kinakamata. Springi naikata kwenye kipande cha bati, upana milimita 12, unene 0.8, sehemu inayopinda ina urefu wa milimita 50, na inapinda milimita 3. Mwanzoni inakwenda vizuri, baadaye inalegea na ulimi haurudi. Je, nihamie bati la 1.2? Pili, mwenye kasha anataka kifuniko kikishuka kijifunge chenyewe. Nimwekee springi gani? Tatu, komeo nilichomelee au nilipige ribiti?

JIBU: Marahaba, fundi. Ahsante kwa kuleta vipimo. Wengi huniandikia "springi yangu mbovu" wakaniachia mimi kubahatisha. Jibu fupi la swali la kwanza: usinenepeshe. Jibu fupi la pili hutalipenda: kwenye kasha, na hata kwenye tranka, achana kabisa na komeo la kujifunga. La kwanza ni suala la hesabu, la pili ni suala la watoto.

Springi bapa iliyobanwa upande mmoja huumia zaidi shinani, pale ilipobanwa. Mkazo wa hapo unaupata hivi: 1.5 zidisha kwa ukakamavu wa chuma, ambao kwa chuma cha kawaida ni kama nyutoni 205,000 kwa milimita ya mraba, zidisha kwa unene, zidisha kwa umbali inaopinda, kisha gawanya kwa urefu mara urefu. Kwa vipimo vyako ni 1.5 × 205,000 × 0.8 × 3 ÷ 2,500, yaani nyutoni 295 kwa milimita ya mraba. Chuma laini cha mabati ya kawaida kikifika kama 250 kinapinda na hakirudi tena. Kwa hiyo springi yako haikuchoka kwa uzee. Ilizidiwa tangu siku ya kwanza, na kila kifuniko kinapobamizwa inazidiwa tena.

Sasa weka 1.2 mahali pa 0.8. Mkazo unapanda hadi 443. Wakati huohuo nguvu ya kusukuma ulimi, ambayo inafuata unene uliozidishwa wenyewe mara tatu, inaruka kutoka nyutoni 7.6 hadi 25.5. Umepata springi inayoharibika haraka zaidi, na mwanafunzi wa watu atalazimika kulikalia tranka ndipo lifunge. Mafundi wengi huingia hapa, kwa sababu mkono unatuambia kitu kinene ni kitu imara.

Fanya kinyume: irefushe. Ukiipa milimita 70 badala ya 50, unene ukabaki 0.8, mkazo unashuka hadi 150 na hata bati lako la kawaida linavumilia. Nguvu nayo inashuka, inabaki nyutoni 2.8 hivi, sawa na uzito wa gramu 280. Ukiona haitoshi, ongeza upana. Angalia ile hesabu ya mkazo tena: upana haumo. Springi ya upana wa milimita 24 inatoa nguvu maradufu, 5.6, na mkazo unabaki 150 uleule. Upana ndio njia ya bei rahisi ya kupata nguvu, na mara nyingi nafasi ipo, maana uso wa mbele wa tranka ni mpana.

Kama nafasi ya kurefusha hakuna, badilisha chuma. Msumeno wa mkono wa seremala uliokwisha meno ni chuma cha springi halisi, unene wake mara nyingi uko kati ya 0.8 na 1, na unavumilia mkazo mara tatu au nne ya bati lako. Ukate kwa grainda kidogokidogo huku ukichovya kwenye maji. Tazama rangi pembeni mwa mkato: ikigeuka njano au buluu bado uko salama, buluu ni kama nyuzi 300. Ikipita buluu ikawa kijivu, ule ugumu umeondoka, kata sehemu hiyo utupe. Ukimaliza, piga msasa kingo zote kwa kufuata urefu wa springi, si kwa kukatiza, kwa sababu ufa huanzia kwenye mkwaruzo uliokatiza. Na tundu la ribiti lisiwe pale inapoanza kupinda. Libane shina kwa kipande cha bati juu yake, tundu liwe nyuma ya ukingo wa kile kipande kwa milimita 8 au 10. Wembe wa msumeno wa chuma usiutumie. Ni mgumu kupita kiasi, unavunjika bila taarifa.

Springi ya kuzunguka, ile ya waya, inafaa vilevile nyuma ya ulimi. Ila ujue tu kwamba waya ukiwa mnene maradufu, kipenyo cha mzunguko na idadi ya mizunguko vikibaki vilevile, ukakamavu unakuwa mara 16. Usibadilishe waya kwa kukadiria kwa macho.

Kuna jambo jingine nimeliona katika maelezo yako. Unataka springi kali ili kifuniko kishike imara, lakini springi haishiki kifuniko. Kazi yake ni kuurudisha ulimi mahali pake, basi. Mtu akivuta kifuniko kwa nguvu, mzigo unabebwa na ulimi wenyewe pamoja na njia yake. Kwa hiyo mnofu uweke kwenye ulimi (milimita 4 au 5 za chuma), na kwenye ukingo unaokamata, kisha springi iwe laini, mradi tu ulimi uteleze na kurudi.

Mteremko wa ulimi nao una deni lake. Nikichukulia msuguano wa chuma kwa chuma ni 0.2, ulimi uliochongwa nyuzi 45 unataka kifuniko kisukume kwa nguvu mara 1.5 ya nguvu ya springi. Ukichonga nyuzi 30 kutoka kwenye mwelekeo wa kifuniko kinaposhuka, inatosha 0.9 tu. Gharama yake ni urefu: kurudi nyuma milimita 3 kunahitaji mteremko wa milimita 5 na kidogo. Kwa komeo la kisanduku cha vifaa ningechonga 30 bila kufikiri mara mbili.

Tuje kwenye kasha. Nchini Marekani kampuni ya Lane ya Virginia ilitengeneza makasha ya mwerezi tangu 1912, yenye kitasa cha springi kilichojifunga chenyewe kifuniko kikishuka, na ndani hapakuwa na namna ya kukifungua. Watoto waliingia, kifuniko kikashuka, wakakosa hewa. Mwaka 1996 ilitangazwa kwamba vitasa vya makasha yapatayo milioni 12, yaliyotengenezwa kati ya 1912 na 1987, vibadilishwe. Mwerezi ulikuwa salama, na useremala wake ulikuwa mzuri. Shida ilikuwa kale kaulimi kenye mteremko upande mmoja, sawasawa na hako unachokitengeneza wewe. Mtoto anayecheza kombolela hatafuti kingine ila mahali pa kujificha, na kasha la mashuka linamwita. Tranka la bweni nalo linamtosha mtoto wa miaka mitatu. Kwa hiyo komeo la kujifunga liache kwenye visanduku vidogo, vya vifaa au vya hela, ambamo mtoto haingii.

Kwa matranka tumia kifungio cha kuvuta: wenzo (ule mkono unaoubana chini), pete na ndoano. Ndoano iko kwenye kifuniko, wenzo uko kwenye ukuta wa sanduku, na pete ya waya wa springi imeshikwa kwenye wenzo kwa pini. Siri yake iko kwenye mstari mmoja. Uchore kutoka ndoano hadi pini ya pete. Wenzo ukiwa umeinuliwa, mstari unapita nje ya mhimili wa wenzo. Ukiubana chini, unavuka na kupita ndani, upande wa ukuta. Baada ya kuvuka, kila nguvu inayovuta kifuniko juu inazidi kuubana wenzo ukutani. Vuko la milimita 2 linatosha. Likiwa sifuri, mtikisiko wa basi njia nzima hadi Dodoma utakifungua. Likiwa 5, mtoto hana ubavu wa kukibana. Jaribu hivi: kifunge, kisha inua kifuniko kwa mkono huku kidole kikiwa juu ya wenzo. Wenzo ukisogea ukutani umepatia, ukitaka kuinuka hamisha pini.

Humu springi ina kazi ya kusamehe. Kifuniko cha bati hakikai sawasawa pande zote, na pete inayonyumbuka milimita moja au mbili inameza tofauti hiyo, tena inaondoa kelele za kugongagonga. Mpangilio wa kufuli moja katikati na vifungio viwili vya springi pembeni si mgeni. Georges Vuitton, mtengeneza masanduku kule Ufaransa, aliuweka kwenye masanduku ya safari mwaka 1886. Kwa tranka lako ningefanya hivyohivyo, na katikati badala ya kitasa cha gharama uweke tumbuu, kile kijipete kinachopitishwa kufuli.

Mwenye kasha akisisitiza anataka kusikia ule mlio wa "tak" kifuniko kinaposhuka, mpe ulimi wenye mteremko pande zote mbili. Unaingia kwa kusukumwa na unatoka kwa kusukumwa, kama vishikio vya milango ya makabati. Usalama wa mali uachie kufuli. Kipimo cha nguvu naazima kwenye majokofu. Sheria ya Marekani ya 1956 ilitaka majokofu ya nyumbani yafunguke kutoka ndani, na kiwango kilichowekwa ni ratili 15, karibu nyutoni 67, kwenye ukingo wa upande wa kitasa. Kifuniko cha mninga cha sentimita 100 kwa 50, unene 2, kina uzito wa kilo 6.4 hivi, ukikiinua kwa ukingo wa mbele unabeba nusu yake, nyutoni 31. Zinabaki 36 kwa ajili ya komeo. Springi ya nyutoni 10 na miteremko ya 45 inadai 15. Jumla ni 46, umebaki na akiba. Lakini usiniamini mimi, pima: funga kamba kwenye ukingo wa mbele wa kifuniko, uninginize kwenye mizani ya ndoano inayotumika sokoni, vuta juu polepole usome kilo komeo linapoachia. Ikizidi 6, punguza springi. Kifuniko kikiwa kizito zaidi, kwa mfano ubao wa sentimita 3 wenye nakshi, akiba hiyo inaisha na komeo la aina yoyote halifai. Uzito wenyewe unatosha kukiweka chini.

Makasha ya pwani, yale ya Lamu na Unguja yenye njumu za shaba, hufungwa kwa pete iliyo kwenye kifuniko, inayoshushwa juu ya tumbuu na kutiwa kufuli. Ni mfumo mzuri kwa kasha lako. Angalizo ni moja: bawaba ya hiyo pete ikaze kidogo, isije ikajiangukia yenyewe juu ya tumbuu kifuniko kikishuka. Na mwambie seremala aache upenyo wa hewa nyuma, chini ya kifuniko, hata wa milimita 10. Mtoto anaweza kufungiwa na mwenzake hata kama komeo halina kosa, na hewa hiyohiyo inazuia mashuka kuvunda.

Matranka ambayo umeshayauza si lazima uyarudishe yote karakana. Wakijitokeza wateja, au ukiweza kuwafuata, toa ulimi, chonga kwa tupa ule upande wa kukamatia nao uwe na mteremko wa 45, urudishe. Kwa sababu springi yako imeshalegea, ibadilishe hapohapo kwa ile ndefu.

La mwisho, ribiti. Usichomelee karibu na springi, moto utaivuruga yote uliyoifanya. Tumia ribiti za milimita 4, mbili kwa kila upande wa komeo, na upande wa ndani weka kipande cha bati chenye unene wa 1 hivi ili bati jembamba la tranka lisichanike linapovutwa. Kichwa cha ribiti kikae nje, mkia ugongwe ndani hadi ulale, halafu upitishe tupa juu yake. Mkia uliosimama unachana mashati ya shule, na mama wa mwanafunzi atakupigia wewe simu, si seremala.