Jibu: Mbona jimbo la Maine limegawanyika kwenye ramani ya uchaguzi wa urais wa Marekani wa 2024?

Ndugu, hukuona vibaya, Harris alipata wajumbe 3 na Trump 1 (wajumbe ndio wanaomchagua rais rasmi kwa niaba ya jimbo). Karibu majimbo yote ya Marekani, anayeongoza hata kwa kura moja anazoa wajumbe wote. Maine waliachana na mtindo huo tangu uchaguzi wa 1972, Nebraska wakafuata 1992.

Maine ina wajumbe 4. Wawili ni wa mshindi wa jimbo zima, na kila wilaya ya bunge inatoa mmoja wake. Wilaya ya kwanza ni Portland na pwani ya kusini, ngome ya Democrats, chama cha Harris. Ya pili ni misitu na vijiji hadi mpaka wa Kanada, kubwa ajabu, na Trump kaibeba mara tatu mfululizo: 2016, 2020 na 2024. Lewiston, waliko Wakongomani wengi tu, iko huko huko, kwa hiyo wenye uraia wanapiga kura upande wenye ushindani zaidi.

Halafu tangu 2020 kwenye kura ya urais huko Maine unapanga wagombea: wa 1, wa 2, wa 3. Asipopatikana wa zaidi ya nusu, wa mkiani anatolewa na kura zake zinahamia chaguo linalofuata. Mimi mfumo huu naupenda, ingawa kuhesabu kunachosha.