Ulipata wapi nguvu ya kupinga ukeketaji?

Binti mmoja wa chuo ameniandikia: "Dada, shikamoo. Nataka kupinga ukeketaji kwetu Serengeti lakini naogopa. Wewe ulipata wapi nguvu? Na ndugu hawatanitenga?" Nilimjibu kwa kifupi, nikaona haitoshi. Najua wengi mnaonisoma mna nia hiyohiyo, kwa hiyo najibu hapa.

Mimi ni Mkurya wa Tarime. Nilikeketwa Desemba, shule zimefungwa, katika mwaka unaogawanyika kwa mbili, kwa kuwa miaka hiyo ndiyo wazee wa mila hutangaza msimu. Shangazi ndiye aliyenishika mabega. Ngariba alipoinama, shangazi aliniambia sikioni: ukilia, umemwaibisha baba yako. Sikulia. Nikarudishwa nyumbani nimefungwa kanga, watu wanaimba na kucheza barabarani, wananitunza noti, na damu inanishuka miguuni.

Watu hudhani ni maumivu yaliyonisukuma. Hapana, ni furaha yao. Mama yangu, ambaye nikijikwaa tu alikuwa anakuja mbio, siku ile alipiga vigelegele. Jambo hilo halijanitoka mpaka leo.

Baadaye nilisoma, nikaolewa. Wakati wa kujifungua kovu lilichanika, nikapoteza damu nyingi, na muuguzi akaniuliza kwa sauti, wodi nzima inasikia: "Kwenu bado mnafanya haya?" Kana kwamba nilijikata mwenyewe! Nilizaa mtoto wa kike. Nikaapa pale pale kitandani kwamba huyu hataguswa, na kwamba sitaishia kwake.

Sasa nisikilizeni, hasa ninyi mabinti mnaotaka kuanza. Msianze na sheria. Sheria ipo tangu 1998, kifungu cha 169A cha Kanuni ya Adhabu, lakini inamtaja msichana wa chini ya miaka 18, na familia zinajua kusubiri. Wenzetu wa Kenya sheria yao ya 2011 inamlinda mwanamke wa umri wowote, na bado wapo wanaovusha mabinti mpakani kuja huku kwetu.

Anzeni na mama. Mama hampeleki mwanawe kwa chuki. Anaogopa binti yake ataitwa msagane, yaani asiyekeketwa, hataolewa, ng'ombe wa mahari watapungua. Ukimhubiria haki za binadamu hujagusa hofu hata moja. Mwoneshe binti ambaye hakukeketwa na ameolewa kwa ng'ombe kamili. Mlete kijana wa ukoo wake aseme mbele yake: mimi nitaoa asiyekeketwa. Na zungumza naye mapema, Septemba. Desemba umechelewa: pombe imeshapikwa, wageni wamealikwa, na ngariba, ambaye hulipwa kwa kila msichana, ameshahesabu vichwa. Basi msingoje msimu utangazwe, zungumzeni na mama mapema.

Mke wa kaka yangu nilimfuata jikoni, shambani, mpaka kisimani. Alinifukuza, nikarudi. Leo binti yake yuko kidato cha pili, hajaguswa, na ndiye wa kwanza katika boma letu. Najivunia hilo kuliko cheti chochote nilichonacho.

Mama akikataa na siku imekaribia, usibishane tena. Nenda Dawati la Jinsia na Watoto polisi, au piga 116, namba ya simu ya kusaidia watoto, ni bure. Kituo cha Masanga kule Tarime na Nyumba Salama ya Mugumu, Serengeti, huwapokea wasichana wanaokimbia. Mpe mtoto namba hiyo mkononi kabla ya likizo. Nasema tena, kabla ya likizo.

Na kuhusu ndugu kukutenga, mdogo wangu, sitakudanganya: watakutenga. Kaka yangu alininunia muda mrefu, sasa ananipigia simu mwenyewe kuniambia matokeo ya mtihani ya binti yake. Shangazi bado hanisalimii. Kwenye misiba anahama jamvi nikikaa, na mimi kila mara namwamkia.