Tawi la Voi–Taveta juu ya ubao mmoja: kwa anayeanza kuunda reli ya mfano

Wengi tunaoanza kuunda reli ndogo nyumbani hukimbilia kununua treni kwanza. Nami nilifanya hivyo, na reli zangu za mwanzo hadi leo zimo sandukuni. Zilikuwa na upana wa milimita 16.5 kati ya reli na reli, kwa skeli ya 1:87, yaani kila kitu ni kidogo mara 87 kuliko cha kweli. Ukizidisha kwa 87 unapata milimita 1,435, na huo ndio upana wa SGR, reli mpya ya Mombasa–Nairobi iliyofunguliwa 2017. Reli ya zamani, ile iliyoanza kujengwa hapa Mombasa 1896, ina upana wa mita moja tu. Kwa skeli ya 1:87, mita moja ni kama milimita 11 na nusu, kwa hiyo tafuta reli za milimita 12, zinazoitwa HOm (HO ni skeli ya 1:87, m ni mita). Ulizia upana kabla hujatoa pesa.

Jambo la pili: chagua tawi, yaani reli ndogo inayochepuka, usichague njia kuu. Treni za njia kuu ya Mombasa–Nairobi zilivutwa na Garratt za daraja la 59, vichwa vikubwa vya mvuke 34 vilivyoundwa na Beyer Peacock wa Manchester. Kimoja kina zaidi ya mita 31. Kwa skeli yetu hizo ni sentimita 36, na hujaunga hata behewa moja. Chumba cha kupanga hakiwezi kubeba hayo.

Ami yangu, aliyefanya kazi ya reli miaka mingi, alikuja kuuona ubao wangu wa kwanza. Nilikuwa nimetandika duara, treni inazunguka. Akaketi, akaitazama ikipita mara tatu nne, kisha akaniuliza, "Inabeba nini, mwanangu? Na mzigo wenyewe unashushwa wapi?" Sikuwa na jibu. Nikazima umeme, tukazungumza mpaka magharibi, na mazungumzo hayo ndiyo yaliyonipa ramani.

Tawi la Voi–Taveta lilizaliwa na vita. Wajerumani waliishika Taveta Agosti 1914, na mwaka uliofuata Waingereza wakawa wanatandika reli kutoka Voi kuelekea magharibi, kupitia Mwatate na Maktau, ili askari na mahitaji yao yafike mbele. Mwaka 1916, Wajerumani waliposukumwa nyuma, reli ikaendelea hadi Kahe, ikaungana na ile ya Tanga–Moshi. Amani iliporudi ikawa reli ya mizigo: mkonge wa Mwatate na Taveta, na mazao ya Kilimanjaro yakiteremka bandarini Mombasa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977, mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa, na treni ikawa haivuki tena.

Kwa sababu hiyo, kabla ya kuchora mstari wowote amua mwaka. Mimi niko 1960. Taveta yangu ni stesheni ya kupita, reli inatokea upande wa pili wa ubao kwenda Moshi, na mabehewa yameandikwa EAR&H, shirika la reli na bandari la Afrika Mashariki la wakati huo. Mwenzangu akichagua 1978, Taveta hiyo hiyo ni mwisho wa safari: kichwa lazima kifunguliwe, kipite reli ya pembeni, kije kiungwe upande wa pili. Hapo pointi mbili (pale reli moja inapogawanyika kuwa mbili) na urefu wa reli ile ya pembeni ndivyo vitakavyoamua treni yako itakuwa na mabehewa mangapi. Mwaka ukibadilika, ubao wote unabadilika.

Sasa hesabu ya nafasi, maana hapa ndipo watu wanapokata tamaa. Voi hadi Taveta ni kama kilomita 110. Kwa 1:87 hizo ni zaidi ya mita 1,200. Plaiwudi moja ya futi nane ni sawa na mita 210 tu za ardhi. Basi usijaribu kuibana njia nzima. Chukua stesheni moja na kazi yake. Voi na Moshi ziache nyuma ya ubao uliochorwa milima, ziwe reli mbili tatu zilizofichwa, treni zingoje huko zamu yao.

Kabla ya kukata mbao, tandaza karatasi ya kaki sakafuni, chora reli kwa kalamu ya mkaa, kata mabehewa ya boksi kwa vipimo vyake, uyasukume kwa mkono. Leta mabehewa matupu, yaache kwenye reli ya mkonge, chukua yaliyojaa, ondoka. Mimi nilifanya hivi jioni nne, nikagundua pointi moja imetazama upande usiofaa: kichwa kilikuwa kinanaswa nyuma ya mzigo wake mwenyewe. Kwenye karatasi ilinigharimu kifutio.

Hewa yetu ya pwani nayo ina shida zake. Ubao wangu ulipinda masika ya kwanza kwa sababu nilipaka rangi upande wa juu pekee. Paka pande zote mbili na kingo, ndipo utandike reli.

Udongo mwekundu niliuchukua Voi kwenyewe, nikaukausha juani na kuuchekecha kwa kitambaa cha leso kuukuu. Marobota ya mkonge nimeyafanya kwa kamba ya katani: ifumue, kata nyuzi za sentimita moja, zibane, funga kwa uzi. Ami aliliweka moja kiganjani, akalinusa.