Maswali ya Wasomaji: Chuo Chetu cha Wananchi Kilianza Mwaka Gani?

Swali: Sisi ni umoja wa watu waliosoma chuo kimoja cha maendeleo ya wananchi, na sasa tunaishi Dar es Salaam. Tumepewa kazi ya kuandika kijitabu cha historia ya chuo na tumekwama ukurasa wa kwanza. Kibao cha getini kinasema 1976, jiwe la msingi la bwalo linasema 1965, na wazee wa kijiji wanadai palikuwa na mafunzo hapo hata kabla ya Uhuru. Tumwamini nani? (Msomaji, Tabata)

Jibu: Huenda wote wanasema kweli, ila kila mmoja anazungumzia kitu chake. Mpango wa vyuo vya maendeleo ya wananchi, ambavyo wengi huviita FDC, ulianza 1975 kwa msaada wa Uswidi. Vyuo vingi havikujengwa upya. Viliwekwa kwenye majengo yaliyokuwepo, hasa vituo vya mafunzo ya wakulima na vituo vya mafunzo vijijini. Mfano wa karibu na Dar ni Kibaha: mradi wa Tanganyika na nchi za Nordic ulianza 1963, ukakabidhiwa serikali 1970, na kituo chake cha wakulima ndicho kilichokuja kuwa chuo cha wananchi.

Kwa hiyo msitafute mwaka mmoja. Tafuteni mitatu na muitaje yote: mwaka eneo lilipotengwa au mafunzo ya kwanza yalipoanza, mwaka majengo yaliposimama, na mwaka chuo kilipopokea kundi la kwanza la wanachuo kikiwa FDC. Huo wa tatu hauthibitishwi na kibao, kwa sababu kibao hupakwa rangi upya na fundi huandika alichoambiwa. Ushahidi wake ni rejista ya wanachuo. Ulizeni ofisi ya taaluma, na msisahau stoo: rejista za zamani mara nyingi zimelala chini ya majembe na magodoro yaliyochakaa.

Mkikuta barua isiyo na tarehe, angalieni kichwa chake. Vyuo hivi vilianza chini ya wizara ya elimu, mwanzoni mwa miaka ya 1990 vikahamia wizara ya maendeleo ya jamii, na kati ya 2016 na 2017 vikarudi elimu. Mhuri wa TANU unarudisha karatasi kabla ya Februari 1977, CCM ilipozaliwa. Lakini hapa ndipo wengi wanapoteleza: karatasi zenye kichwa cha zamani ziliendelea kutumika mpaka ziishe, pengine jina la wizara likikatwa kwa kalamu. Kichwa kinakwambia barua haikuandikwa *kabla* ya wizara hiyo kuwepo. Hakikwambii kwamba haikuandikwa baadaye.

Habari za kabla ya 1975 zitafuteni hapa hapa mjini, kwenye Nyaraka za Taifa, Upanga. Nendeni na barua ya utambulisho, na msiulizie jina la chuo, maana wakati huo halikuwepo. Ombeni orodha ya majalada ya wilaya yenu, kisha mpekue ya kilimo, ya maendeleo ya jamii na ya elimu ya watu wazima. Mwende na penseli.

Swali: Marehemu baba alisoma FDC miaka miwili, akarudi kijijini bila cheti cha maana. Je, alidhulumiwa? (Binti wa Mbagala)

Jibu: Hakudhulumiwa, mwanangu. Chuo hakikuanzishwa ili kutoa vyeti. Mfano wake ulitoka Skandinavia, ambako shule za wananchi zilianza Denmark, ya kwanza ikiwa Rødding mwaka 1844 kwa mawazo ya mchungaji N.F.S. Grundtvig. Uswidi ilifuata 1868. Watu wazima waliishi pamoja bwenini, wakasoma, wakajadiliana, wakarudi makwao bila mtihani.

Mwalimu Nyerere aliuona mfano huo unaendana na Elimu ya Kujitegemea ya 1967. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na kampeni ya redio ya Mtu ni Afya ya 1973 ilikusanya watu wapatao milioni 2 kwenye vikundi. Waliokwisha kujua kusoma walihitaji pa kuendelea, na pakawa FDC. Kijiji kilimchagua mtu, kikamtuma, kikamtarajia arudi na useremala, uashi, ushonaji, kilimo bora au utunzaji wa hesabu za duka la ushirika.

Palipovunjika ni pale kijiji kilipokosa cha kumpa aliyerudi. Seremala bila randa wala mbao ni mkulima kama wengine. Uchumi ulipobadilika, kuanzia katikati ya miaka ya 1980, aliyekuwa na ujuzi alitafuta ajira mjini, na mwajiri wa mjini anataka karatasi. Ndipo vijana walipoanza kudai vyeti, na kwa maoni yetu walikuwa na haki. Tangu 2012 FDC nyingi zimekuwa zikitoa pia kozi za ufundi stadi kwa mitaala ya VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi. Faida yake inaonekana, ingawa mijadala ya jioni na elimu ya uraia, vitu vilivyokifanya chuo hiki kuwa cha *wananchi*, vimepungua sana.

Kama wewe au ndugu yako mna ujuzi wa kazi bila cheti, ulizeni VETA kuhusu urasimishaji wa ujuzi. Fundi hupimwa kwa kazi anayoifanya, hata kama hakukaa darasani.

Swali: FDC na chuo cha maendeleo ya jamii si kitu kimoja? (Msomaji, Kigamboni)

Jibu: Hapana. Chuo cha maendeleo ya jamii, kama Tengeru au Buhare, huandaa maofisa maendeleo. FDC hupokea wananchi wenyewe. Na FDC si lazima iwe shamba: Arnautoglu iko Mnazi Mmoja, katikati ya jiji.

Swali: Tunataka kuwahoji wazee waliosoma miaka hiyo, lakini kila mmoja anataja mwaka wake. Tufanyeje? (Msomaji, Gongo la Mboto)

Jibu: Msimuulize mzee "ilikuwa mwaka gani?" Atawapa mwaka wowote ili asiwaangushe. Muulizeni ilikuwa kabla au baada ya jambo analolikumbuka vizuri: Operesheni Vijiji (1973 hadi 1976), Vita vya Kagera (1978 hadi 1979), kifo cha Sokoine (12 Aprili 1984), Mwalimu kung'atuka (1985). Majibu mawili ya namna hiyo huwa yamebana tukio ndani ya miaka michache, kisha rejista inamalizia.

Muhojini mmoja mmoja. Wakikaa wanne mkekani, wa kwanza kusema huwa amewasemea wote. Anzeni na vitu vya mkono: nani alipika, mlilala wangapi chumba kimoja, zana zilitoka wapi, mazao ya shamba la chuo yalikwenda wapi. Siasa iwe mwisho. Na mpishi, mlinzi na dereva wa zamani msiwaruke, maana mkuu wa chuo alihamishwa na wao wakabaki.

Swali: Picha na barua za zamani tumezikusanya. Tulifikiria kuzipeleka zikafanyiwe lamineshi. (Msomaji, Tabata, tena)

Jibu: Msithubutu. Lamineshi huunguza kwa joto na haibanduki bila kuharibu karatasi. Seloteipu nayo hugeuka njano na kuacha doa. Toeni pini zenye kutu taratibu, na majina ya walio pichani yaandikwe nyuma kwa penseli laini, pembeni, kwa sababu wino hupenya mpaka mbele.

Mkiwa na skana, barua ziwekeni 300 dpi na picha ndogo 600. Mkitumia simu, kaeni karibu na dirisha, zimeni flashi, na mshike simu sambamba na karatasi, la sivyo maandishi ya pembeni yatapinda. Faili lipewe jina lenye mwaka, kitu na ukurasa: 1978-rejista-014. Nakala moja ikae kwenye diski ya umoja, nyingine apewe mkuu wa chuo. Karatasi zenyewe msiziache kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa: kwa unyevu wa Dar zitaota ukungu. Bahasha za karatasi ndani ya sanduku la bati, lililoinuliwa juu ya matofali, mchwa hawalifikii kirahisi.