Mbega wa Diani, bundi wa Likoni: maswali yenu kuhusu wanyama walioumia mtaani

Mbega ameanguka kutoka nyaya za stima nje ya ploti yetu. Anapumua. Nimpe maji na ndizi? (Msomaji, Ukunda)

Usimpe chochote. Tumbo la mbega lina vyumba vya kuchachusha majani, na ndizi itamzidishia maradhi. Kama bado anagusana na waya, usimkaribie hata kwa fimbo. Piga simu kampuni ya umeme wakate stima kwanza. Akiwa mbali na waya, fungia mbwa, ondoa watoto, kisha uwaite Colobus Conservation. Wako hapo hapo Diani tangu 1997 na mbega ndio kazi yao. Walio mbali na Diani wawapigie KWS, shirika la serikali la wanyamapori nchini Kenya. Usimshike kwa mikono mitupu: mbega mzima ana meno marefu, na mwenye maumivu hachagui wa kumng'ata.

Akiinuka na kupanda mti, usiseme amepona. Umeme huchoma ndani. Leo utaona alama ndogo kiganjani, na baada ya siku chache nyama ya mkono imeshakufa. Toa taarifa hata kama amekimbia, utaje alielekea wapi. Na kama aliyekufa ni jike, tazama kifuani pake. Mtoto wa mbega huzaliwa mweupe pepe, na hung'ang'ania maiti ya mamake. Usimbandue. Waokoaji watamtoa wenyewe.

Kinda la ndege liko chini ya mwembe na paka wanazunguka. (Msomaji, Kilifi)

Kama lina manyoya na linarukaruka, halijaanguka, linajifunza kuruka. Fungia paka, kisha ondoka. Wazazi wake wako juu wanakungoja utoke. Kama bado liko uchi, lirudishe kiotani. Ndege hamkatai mwanawe kwa harufu ya mkono wa mtu, hiyo ni hadithi tu. Ila usimdondoshee maji mdomoni: tundu la pumzi liko nyuma ya ulimi, na tone moja lafika mapafuni.

Bundi amekaa chini ya ukuta wa madrasa mchana kweupe, hawezi kuruka. Wazee wanasema ni uchuro, auawe. (Msomaji, Likoni)

Sitabishana na wazee wako kwa barua. Waulize tu ni nani aliyeweka sumu ya panya mtaani. Sumu nyingi za dukani haziui papo hapo. Panya hupepesuka siku kadhaa akivuja damu ndani, naye bundi humpata kwa urahisi na kumeza vyote viwili. Akiwahishwa kwa daktari wa wanyama hutibiwa kwa vitamini K, na wengine hupona. Mtupie taulo hadi kichwani, mbane mabawa, jihadhari na kucha kuliko mdomo. Mtie katika boksi la katoni lenye matundu, lifunge, uliweke penye giza na kimya. Usilifungue kila jirani akija kuchungulia; hofu peke yake yatosha kumuua.

Nimemaliza kidato cha nne, nataka kujitolea kwenye kituo cha kuokoa wanyama. Lazima niwe daktari? (Msomaji, Mombasa)

La. Utafagia vizimba, utaosha mabakuli, utakata majani alfajiri, utapogoa matawi yanayogusa nyaya. Pale Diani kuna pia vile vidaraja vilivyotundikwa juu ya barabara ili mbega wasivuke kati ya magari, navyo vyahitaji kukaguliwa na kukarabatiwa. Kumbembeleza mtoto wa tumbili hakumo. Mnyama aliyezoea watu huwafuata watu, na huko ndiko kuna mbwa na mawe. Kituo kikikuruhusu upige picha umempakata, tafuta kingine.

Wataulizia chanjo ya pepopunda na ya kichaa cha mbwa, na kipimo cha kifua kikuu, kwa kuwa maradhi yetu huwaambukiza nyani na tumbili. Ukiumwa, osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, na hospitali ni siku hiyo hiyo.

Tunaye komba nyumbani mwaka wa pili, watoto wanampenda. Kosa liko wapi? (Msomaji, Malindi)

Sheria ya wanyamapori ya 2013 haikuruhusu kumfuga bila kibali. Piga simu KWS wewe mwenyewe kabla jirani hajapiga. Kumwachilia shambani usiku ni kumtupa: hajui kuwinda wadudu, na komba wenyeji hawatampokea.

Na kunguru je? Amevunjika bawa. (Msomaji, Mtwapa)

Mwenye shingo ya kijivu si mwenyeji. Aliletwa Zanzibar miaka ya 1890 ale taka, akaenea pwani nzima, na sasa anakula mayai na makinda ya ndege wetu. Usitarajie atibiwe na kuachiliwa. Daktari wa mifugo amdunge sindano afe bila kuteseka. Mwenye kifua cheupe ni wa hapa hapa. Huyo mtafutie boksi kama la bundi.